Kitongoji Kilichokosa Jina

Mvua ilianza alfajiri. Mokami aliisikia juu ya bati akajua kwamba leo ni siku ya mto.

Aliwasha moto, akapika uji wa mtama. Binti yake Wegesa aliunywa akiwa amesimama, begi liko mgongoni tayari. Alikuwa darasa la kwanza. Shule ya kijiji ilikuwa upande wa pili wa mto, na daraja halikuwepo. Siku za jua watoto walivuka kwa kukanyaga mawe. Siku za mvua walivushwa mgongoni, au walibaki nyumbani.

"Leo tunavushwa?" Wegesa aliuliza.

"Leo mnavushwa. Panda."

Mokami alimfunga kwa khanga, akashuka mtoni. Maji yalikuwa mazito, rangi ya chai ya maziwa. Alishika fimbo akaingia. Katikati ya mto jiwe liligeuka chini ya mguu wake. Akaanguka kwa magoti. Maji yakamfikia mtoto shingoni. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yao alimdaka Mokami mkono, akawavuta hadi ukingoni. Wegesa alikuwa akikohoa. Begi lilikwenda na maji.

Mokami hakulia. Alimbeba mtoto hadi nyumbani, akambadilisha nguo, akamlaza karibu na moto. Kisha akaenda kusimama mbele ya mume wake.

Wangwe alikuwa amekaa kwenye kigoda akinywa chai. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha stoo kilichofungwa kwa kufuli. Ndani ya stoo kulikuwa na mabati mapya, yamefunikwa turubai. Kuku walikuwa wakilala juu yake.

"Baba Wegesa, fungua stoo," alisema Mokami.

"Kwa nini?"

"Mabati yanalala pakavu kwako. Mtoto wako nusura alale mtoni. Fungua."

Wangwe aliweka kikombe chini. Aliangalia mlango wa jikoni, ambako mtoto alikuwa akikohoa.

"Ameumia?"

"Hajaumia. Bado. Fungua."

"Mama Wegesa, hilo jambo ni la ukoo. Wanaume walishaamua."

"Waliamua nini? Kwamba pundamilia ni muhimu kuliko Wegesa?"

Mabati hayakuwa ya Wangwe. Kitongoji chao kiliitwa Nyabikoma, na kilikuwa kikubwa mno. Mto ulikikata katikati. Kijiji kilikubali kigawanywe kiwe vitongoji viwili. Watu wa upande huu wakaanza kujijengea shule shikizi, yaani shule ndogo ya watoto wadogo, ili wasivuke mto. Walifyatua tofali, wakachoma, wakapandisha kuta. Walichangishana mabati na mbao. Wangwe, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akapewa mabati ayatunze.

Kisha likaja suala la jina.

Upande huu zinaishi koo mbili. Ukoo wa Wangwe unamheshimu pundamilia. Hawamli, hawamuui. Ukoo wa pili, wa kina Rubeni, unamheshimu tembo. Kwa Kikurya pundamilia ni inchage, na tarafa yao inaitwa Inchage. Watu wa Wangwe wakasema jambo limekwisha: tarafa ni ya pundamilia, basi kitongoji kiitwe Inchage Ndogo. Wakasimamisha kibao.

Usiku mmoja kibao kiling'olewa. Asubuhi watu wa Rubeni walichemshia chai yao kwa mbao zake, na hawakuficha. Wao walitaka Inchugu Mpya. Inchugu ni tembo, na pia ni jina la tarafa nyingine ya Tarime.

Wangwe akafunga mabati. Rubeni akabeba mbao za kenchi, za kushikilia paa, hadi kwake. Kuta zikabaki wazi, zikanyeshewa. Wanafunzi pekee walioingia humo walikuwa mbuzi.

"Unawatetea kaka zako," Wangwe alisema sasa. Mokami alizaliwa katika ukoo wa Rubeni.

"Simtetei mtu yeyote mwenye ndevu," alijibu Mokami. Akatoa simu, akampigia mtendaji wa kijiji.

Mtendaji aliitwa Felistas. Alizaliwa Morotonga, karibu na Mugumu, wilaya ya Serengeti. Alikuwa mama wa watoto watatu na hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisikiliza, akauliza swali moja: "Mtoto anapumua vizuri?" Kisha akasema, "Waambie wote wakutane ndani ya hilo darasa lenu lisilo na paa. Nakuja."

Alizunguka mbali na pikipiki kwa barabara ya juu, akafika mchana akiwa ametapakaa tope. Watu walikuwa wamejaa ndani ya kuta. Mvua ilikuwa imepungua, lakini haikuwa imekatika. Watu wa pundamilia walisimama kushoto, watu wa tembo kulia.

"Shikamooni wazee," Felistas alisema.

"Marahaba."

"Kuna mtu ananyeshewa?"

Wote walikuwa wananyeshewa.

"Vizuri. Tutaongea hivi hivi. Mzee Wangwe, anza wewe."

Wangwe alisimama. "Mtendaji, wewe ni mgeni, hujui mambo ya hapa. Mkurya ana ikiaro. Ni nchi ya ukoo. Babu zetu waliilinda kwa mikuki. Serikali yenyewe ilijua hivyo, ndiyo maana ikaita tarafa kwa mnyama wetu. Hawa wenzetu tuliwapokea tu."

"Nani alimpokea nani, mura?" Rubeni alisema kutoka upande wa kulia. "Mama yako alikunywa maziwa ya ng'ombe wa baba yangu."

"Ndiyo maana sikuongezeka kimo," Wangwe alisema.

Watu wachache walicheka. Felistas hakucheka.

Mokami alinyoosha mkono. "Nataka kusema."

"Dada, wewe ulishaolewa huko," Rubeni alisema. "Huku huna neno."

"Na huku ni mke tu," alisema mzee mmoja wa upande wa Wangwe. "Ukoo si wake."

Mokami aliwatazama wote, kushoto na kulia. "Kwa hiyo mimi ni wa wapi? Wa mtoni?"

Akamgeukia Felistas.

"Hapo ndipo mnapokosea," Felistas alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Nisikilizeni, na mnaosinzia amkeni. Ikiaro ni jambo la ukoo. Silidharau. Lakini kitongoji si ikiaro. Serikali imegawa nchi ili iwahudumie watu. Mkoa una wilaya. Wilaya ina tarafa. Tarafa ina kata. Kata ina vijiji, na kijiji kina vitongoji. Mjini, kama pale Nyamisangura, kata ina mitaa. Hivyo vyote ni vya wakazi. Mkazi ni mtu anayeishi pale. Awe amezaliwa, ameolewa, au amehamia. Akiwa na miaka kumi na nane na ana akili timamu, anaingia mkutano wa kijiji, anasema, anapiga kura. Huyu mama ana kura sawa na wewe, Mzee Wangwe. Na sawa na wewe, Rubeni."

"Na jina la tarafa?" Wangwe aliuliza. "Inchage si pundamilia?"

"Ni pundamilia. Na Ingwe ni chui, na Inchugu ni tembo. Majina ya tarafa zenu ni majina ya wanyama ambao watu wa hapa wanawaheshimu, na ni majina mazuri. Kwetu Serengeti kuna tarafa inaitwa Ngoreme, kama kabila la Wangoreme. Nyingine inaitwa Grumeti, kama mto. Sasa niambieni, mto Grumeti unamiliki watu? Mtu wa kabila jingine akijenga Ngoreme, anafukuzwa? Jina linasaidia watu kujua wanakwenda wapi. Jina si hati ya shamba."

Rubeni alikuwa akitabasamu, akiona Wangwe ameshindwa.

"Usitabasamu," Felistas alimwambia. "Mbao za darasa ziko kwako. Na wewe Mzee Wangwe, mabati yapo kwako. Ni mali ya watu wote hapa. Bati halisubiri jina. Kesho jioni nisipoviona hapa, nitarudi na polisi, na hamtapenda jina watakalowaita."

Safari hii wanawake ndio waliocheka.

"Sasa tumalize la jina. Mama Wegesa, ulitaka kusema."

Mokami alisogea katikati, mahali ambapo ubao wa kuandikia ungekuwa. Alikuwa bado na hasira, na hakuificha.

"Baba Wegesa, ukitoka mnadani Tarime na bodaboda, unamwambia dereva akupeleke wapi?"

Wangwe alisita. "Nyumbani."

"Hapajui nyumbani kwako. Unamwambia wapi?"

"Namwambia..." Wangwe alikohoa. "Namwambia Ng'ambo."

"Na wewe kaka Rubeni, mteja wa ng'ombe akikupigia simu, unamwelekeza wapi?"

Rubeni alikuna kichwa. "Ng'ambo. Ng'ambo ya mto."

"Watoto shuleni wanawaitaje watoto wetu? Watoto wa Ng'ambo. Muuza dagaa anakuja wapi Jumatano? Ng'ambo. Jina tunalo, na hakuna mwenye mnyama anayeitwa hivyo. Nyie mmeng'oana vibao kwa sababu ya majina ambayo hata wenyewe hamyatumii."

Mvua iliendelea kupiga tofali.

Kisha bibi mmoja wa upande wa tembo akasema, "Ni kweli. Mimi niliolewa Ng'ambo. Hata wake wa kaka zangu walinicheka kwamba naolewa ng'ambo ya mto."

Felistas aliwaeleza utaratibu. Wakazi wanapendekeza jina. Pendekezo linapelekwa mkutano mkuu wa kijiji. Likikubaliwa linakwenda kata, kisha halmashauri ya wilaya, kisha ngazi za juu mpaka wizarani. Inachukua muda. Lakini hatua ya kwanza ni ya wakazi, na hakuna anayeweza kuichukua badala yao.

"Wanaotaka Inchage Ndogo?"

Mikono michache ilipanda upande wa kushoto.

"Inchugu Mpya?"

Mingine michache, upande wa kulia.

"Ng'ambo?"

Wanawake wa pande zote mbili walinyoosha mikono. Vijana wakafuata. Rubeni akanyoosha wake nusu. Wangwe hakunyoosha mkono wowote.

Kesho yake asubuhi Mokami alisikia kufuli likifunguliwa. Kuku walitoka stoo wakilalamika. Wangwe alikuwa akibeba mabati mawili mawili begani. Mchana Rubeni alikuja na mbao. Wanaume hawa walifanya kazi siku nzima kwenye paa moja bila kusalimiana. Jioni Rubeni alisema, "Nipe msumari." Wangwe akampa.

Mkutano mkuu wa kijiji ulilipitisha jina, nalo likaenda kata. Darasa halikungoja. Lilisafishwa mavi ya mbuzi, likapewa mwalimu, likaanza.

Mvua za masika zilipokuja, mto ulijaa mpaka kwenye migomba. Ilinyesha kwa nguvu, na kelele kwenye bati ikamshinda mwalimu. Akaacha kusema, akaandika tu ubaoni. Watoto wakaandika.

Wangwe alirudi kutoka Tarime ameloa.

"Dereva aliniuliza tunakwenda wapi," alisema.

"Ukamwambiaje?"

"Unajua nilivyomwambia." Akaketi kwenye kigoda. "Lakini Inchage Ndogo lilikuwa jina zuri."

"Lilikuwa zuri," Mokami alisema, akimwekea chai. "Tulilipa kwa begi la mtoto, na karibu tulipe zaidi. Kunywa."

Hakuwa amesamehe yote. Lakini khanga ya kubebea mtoto ilining'inia kwenye kamba ndani ya nyumba tangu asubuhi, na ilikuwa kavu.