Dakika Saba za Uongo

Fundi cherehani wa nyumba ya pili anasimulia kwamba chanzo cha ajali ni mbwa. Anasema aliyaona yote kwa macho yake: mbwa mweusi alikatiza barabara pale kilimani, msambaza mikate akamkwepa, baiskeli ikampiga mwereka yeye na kreti zake. Kilima chenyewe hakionekani kutoka kwenye cherehani yake, lakini kila anayekuja kutoa pole anasimuliwa hivyo, na kila mara mbwa anazidi kuwa mkubwa.

Binti wa msambaza mikate, mwanafunzi wa darasa la sita, alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Angenyamaza tu, mbwa angebeba lawama zote.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, meneja wa kiwanda cha mikate alitangaza kwamba mzunguko wa asubuhi ukamilike kwa dakika arobaini na tano. Atakayeshindwa, njia yake atapewa mwingine. Baba alikuwa na miaka arobaini na tisa, kitambi kimeanza kumtangulia, na alitumia karibu saa nzima.

"Mzee Kobe!" vijana wa kazini walimtania. "Mikate itaota ukungu kabla hujafika!"

Baba alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Basi akaanza mazoezi. Shangazi, ambaye ni muuguzi, alimpangia: siku moja akaze, ya pili aende polepole, ya tatu apumzike. "Na kile kilima usikiguse mpaka ufikishe arobaini na tano kwenye tambarare. Kaka, huna tena miaka ishirini." Binti akakabidhiwa saa, akawa anamsubiri mlangoni kabla ya kwenda shule. Baba akambandika jina la Refa.

"Refa, leo ngapi?"

Wiki ya tatu ilikuwa hamsini na mbili. Baba alishuka akihema kama mvukuto, shati limemgandia mgongoni, macho yote kwa binti yake.

"Arobaini na tano, Baba!"

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo binti hakuweza kurudi nyuma. Atamwambiaje kwamba leo amekuwa Kobe tena? Baba akaacha kupumzika. Siku ya nne baada ya hapo akapanda kilima na kreti mbili.

Hapakuwa na mbwa. Binti alikuwa amesimama chini ya kilima na saa yake. Alimwona baba akilegea, mikono ikiachia usukani, ndipo akaangukia bega.

Wageni walipoondoka, shangazi alikaa sebuleni akijishika kidevu. "Anasema aliona giza tu, akaanguka. Mtu wa dakika arobaini na tano hazimii pale. Lazima ana ugonjwa. Kesho nampeleka akapimwe kichwa."

"Shangazi," binti alisema. "Haikuwa arobaini na tano. Ilikuwa hamsini na mbili. Hata mbwa hakuwepo. Nilitaka tu afurahi."

Shangazi alimvuta akae karibu naye. Hakumfokea.

"Afadhali umesema. Ningemtibu ugonjwa ambao hana. Sikiliza, mwanangu. Mwili wa mtu wa umri wake huongeza nguvu kidogo kidogo. Ungemwambia hamsini na mbili, angenuna siku moja, akapumzika, na mwezi ujao angefika arobaini na nane. Ukimpenda mtu, mwambie alipofika kweli, hata kama hapendi kusikia. Dakika saba ulizomzawadia, amezilipa kwa bega."

Njia ya baba ilikuwa imeshapewa kijana mmoja. Meneja alikubali kumweka chumba cha kufungashia mikate bega likipona. Shangazi alisema ataanza upya kwa kutembea, kisha baiskeli ya polepole. Kilima asahau.

Binti akafunua pazia la chumbani. Baba alikuwa macho. Alikuwa amesikia kila neno.

"Baba, naomba unisamehe."

Baba alitazama dari. Mkono wake usioumia ulikuwa juu ya shuka. Binti akakaa ukingoni mwa kitanda, akasubiri jibu lake.