Siku Tisa za Kundi Kufungwa

Soko lilikuwa limefurika siku hiyo, na nesi alipita katikati ya watu akiwa ameikumbatia simu yake kwa mikono miwili kama kifaranga kilicholowa. Sare yake nyeupe ilikuwa na matope hadi magotini. Kwenye kibanda cha fundi simu kulikuwa na foleni, lakini fundi alipomwona uso wake, alinyanyuka akampa kigoda chake.

"Imezama wapi, dada?"

"Kwenye ndoo ya kufulia. Fundi, tafadhali, humo ndani mna watu mia mbili."

"Mia mbili! Na wote wamelowa?"

Nesi akacheka bila kutaka. Akamweleza kwamba zahanati yake huhudumia vijiji vitano, na simu yake ndiyo simu ya zahanati. Kila asubuhi hurekodi ujumbe wa sauti kwenye kundi la wanavijiji, maana wazee wengi hawasomi: siku ya chanjo, dawa zilizofika, maji ya kuchemsha. Na kundi ni la wote. Aliyeona jambo husema, wenzake wakasikia.

Fundi alikuwa kijana mrefu, amevaa shati la mistari lililonyooshwa pasi kama la harusini. Aliacha utani ghafla.

"Kumbe ndiye wewe? Mama yangu anakaa huko bondeni. Hanywi chai kabla hujasema."

Aliifungua simu ile mbele ya wote waliomtangulia, na hakuna aliyenung'unika.

Baada ya hapo, kila Jumapili fundi alipanda pikipiki hadi zahanati, akakaa kwenye benchi la wagonjwa kuwafundisha wazee mahali pa kubonyeza. Nesi akamfanya msimamizi mwenzake wa kundi. Wakaanza kupigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Bado nasubiri sauti yako. Si unajua mimi ni mtoto wa mama yangu?"

Ikaja Alhamisi moja. Fundi alirekodi maneno ya kumwambia nesi peke yake: "Nesi wangu, ukikubali nikuoe, asubuhi utanitangazia mimi kwanza, kabla ya chanjo?" Nyuma yake vijana wa sokoni walisikika wakicheka. Kisha akayatuma kwenye kundi la watu mia mbili.

Kufikia mchana kundi lilikuwa limewaka. Harusi lini? Bwana harusi naye atachanjwa? Mganga wa zahanati akamwita nesi ofisini, akamuuliza kama hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya. Katika yote hayo, kilichobaki masikioni mwa nesi ni kile kicheko cha nyuma. Akapiga simu.

"Umenifanya kichekesho cha soko."

"Nimekosea kundi, mpenzi wangu. Ni vidole tu. Wale walikuwa wanacheka mambo yao."

"Vidole vyako ndivyo kazi yako. Havikosei."

Alimwondoa fundi kwenye kundi, akamzuia kwenye simu. Halafu akalifunga kundi, asiweze kusema mtu mwingine ila yeye. Ni kwa siku chache tu, alijiambia, mpaka midomo ipoe. Zikafika siku tisa.

Asubuhi ya siku ya tisa, mama yake fundi aliinamisha ndoo kwenye chemchemi, akasikia maji yananuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mvua ilikuwa imesomba pipa la dawa hiyo kutoka josho la ng'ombe huko juu. Akatoa simu abonyeze kama alivyofundishwa, asione pa kubonyeza. Akamtumia mwanawe ujumbe. Mwanawe akamtumia nesi, haukufika. Akapiga, haikupatikana. Akarukia pikipiki kwenda zahanati.

Mama hakusubiri. Alikwenda nyumba kwa nyumba akigonga milango. Nyumba kumi na moja zikamwaga maji. Kabla ya kuifikia ya kumi na mbili aliteleza kwenye mawe, akavunjika nyonga. Katika nyumba hiyo, watoto wawili walikuwa wameshakunywa uji uliopikwa kwa maji yale.

Watoto walitundikiwa dripu, siku ya tatu wakaomba mpira wao. Mama alipelekwa hospitali kubwa, amelazwa nyuma ya gari la mizigo.

Fundi hakumfokea nesi. Alikaa kwenye lile benchi, akamwonyesha jumbe tatu zenye tiki moja moja, kisha akamfungulia sauti ya mama yake.

"Mwanangu, mwambie nesi maji yananuka dawa. Mimi sina pa kubonyeza, labda nimeiharibu simu. Mwambie asinikasirikie."

Nesi akaficha uso. "Nitukane tu, tafadhali."

"Nikutukane mara ngapi ndipo mama atembee?"

Mama aliporudishwa kutoka hospitali, fundi alifunga kibanda, akahamia bondeni kumuuguza.

Nesi alilifungua kundi siku ileile aliyoisikia sauti ya mama, akamrudisha fundi ndani. Kila asubuhi alitangaza, na kila asubuhi mama alijibu kwa upole, "Tumesikia, mwanangu." Fundi hakusema neno. Ikapita miezi minne. Asubuhi moja, alipomaliza habari za chanjo, nesi hakuinua kidole kwenye kitufe cha kurekodi.

"Kuna swali niliulizwa humu, mbele yenu. Sikulijibu, nikawafunga midomo nyote. Nisameheni. Jibu langu ni ndiyo, kama aliyeuliza bado yupo."

Hata wale wa utani hawakutania. Mwisho ikaja sauti ya mama.

"Yupo. Amesimama mlangoni, anajifanya anatengeneza redio. Njoo, chai ipo."

Fundi alimpokea njiani na shati lake la mistari, sasa limejikunja.

"Vidole vyangu vinakosea," alisema.

"Vyako viliteleza. Mimi nilifanya makusudi."

Akamshika mkono, wakaenda.

Walioana, wakaishi na mama. Mama alitembea kwa fimbo, na kila ilipogonga sakafu ya saruji, nesi aliacha alichokishika. Hakuna aliyelisema jambo hilo. Siku moja nesi akatambua kwamba hasikii tena mlio wa fimbo ile. Akaitazama: chini yake palikuwa pamepigiliwa kisigino cha ndara kuukuu.

"Ni mimi nilimwambia mumeo," alisema mama. "Kelele zake zilikuwa zinaniumiza masikio."

Nesi aliinama kana kwamba ameangusha kitu, akakitafuta kwa muda mrefu.