Gari Liliyumba, Nikaitwa Mlevi

Nina miaka arobaini na sita. Sina mke wala mtoto. Kila ninaposikia mtu akiombewa kanisani aache pombe, natoka nje... Msinihukumu kabla hamjanisikia.

Mimi ni mzaliwa wa Kilosa. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza udereva Ifakara, nikauza mitumba Makambako, kisha siku moja nikapanda treni kwenda mwisho wa nchi. Treni iliharibika porini, tukalala njiani mara mbili, behewa zima likinuka dagaa. Niliposhuka Tunduma nilikuwa na begi moja, leseni, na miaka ishirini na tisa. Mpaka leo naikumbuka baridi ya asubuhi ile, malori yamepanga foleni kungoja mpaka, akina mama wa Nakonde, upande wa Zambia, wakiita wateja kwa Kibemba. Niliupenda mji ule! Sijui kwa nini tunavipenda vitu vinavyokuja kututapika.

Aliyenipokea alikuwa Amoni, fundi mwenye gereji yake karibu na stendi. Alinipa chumba. Tulikula sahani moja. Ndiye aliyenitafutia kazi ya udereva kwa Mzee Kulwa, Msukuma mfugaji aliyehamia Msangano na ng'ombe wake. Mzee alikuwa na gari kuukuu la jipu, lakini masika tope la Msangano lilikuwa likilimeza hadi tumboni. Amoni akasema dawa ni kuliinua.

Akaliinua kweli. Springi za mbele zilizokuwa chini ya ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, akazihamishia juu yake, akachomelea upya, akafunga matairi makubwa. Kupanda kwenye kiti ilibidi ukunje goti hadi kifuani. Tukalipeleka Msangano, likapita kwenye tope kama trekta! Mzee Kulwa akachinja mbuzi.

Hapo ndipo tulipokosea sote. Shida ilikuwa tope, basi tukalijaribu kwenye tope. Hakuna aliyelipeleka lami.

Lami nililipeleka mwenyewe, wiki ile ile, na nusura nife. Kwenye mwendo wa sitini gari lilianza kuhama. Nikilirudisha kushoto linazidi kushoto, nikilivuta kulia linakimbilia kulia... Usukani haukurudi wenyewe baada ya kona, ulikaa pale pale kama umekufa. Malori yaliyobeba shaba yalinipita huku madereva wakinitukana.

Amoni akabadilisha tairodi endi, vile viungo vya usukani. Likayumba. Akakaza stelingi boksi hadi usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Likayumba. Akapunguza upepo wa matairi, akabadilisha beringi... likayumba!

"Gari la juu linataka mwanaume, kaka," aliniambia akicheka. "Wewe mikono yako laini. Ya kidato cha nne hiyo."

Nikacheka naye. Mjinga mimi!

Wakati huo nilikuwa nimempata Neli, binti wa Igamba. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu ambaye nyumbani kwake hata togwa iliyolala siku mbili ilimwagwa. Kwa mkwe alikuwa na swali moja tu: anakunywa? Mshenga wangu ndiye aliyelijibu. Mshenga wangu alikuwa Amoni. Alimwambia mzee kwamba sijaonja pombe maishani, na ilikuwa kweli.

Na sasa nakiri kosa langu. Jumapili moja baba Neli na wazee wawili walikuwa wametoka ibadani Mbozi Mission, wanarudi Igamba. Nililijua gari. Nilijua halishikiki. Lakini nilitaka wakwe wanione nimekaa juu kule, nyuma ya usukani! Nikawapakia.

Kwenye lami tulidumu dakika chache tu. Kwenye mteremko gari likahama, basi likatupigia honi, nikakata usukani kidogo, nalo likaenda zaidi ya nilivyotaka. Tukatumbukia mtaroni mchana kweupe, mbele ya watu waliotoka makanisani. Hakufa mtu. Lakini baba Neli alivunjika mfupa wa bega, na shati lake jeupe likajaa matope.

Aliponiangalia hakulia. Alisema tu, "Kijana, umekunywa nini?"

Mashahidi hawakukosekana. Eti wameliona gari langu likiyumba mwezi mzima! Eti hata saa mbili asubuhi linapepesuka! Nilimkimbilia Amoni, nikamwomba aende Igamba akaseme ni gari. Akaenda. Aliporudi alinipiga bega akasema mambo yatakaa sawa.

Mzee Kulwa naye aliniita. "Bwana mdogo, ng'ombe akiyumba tunamtazama miguu," aliniambia. "Wewe watu wanakutazama mdomo. Katafute fundi mwingine."

Ng'ambo ya Tunduma kulikuwa na fundi mzee wa malori, Mzambia. Alilala chini ya gari kwa muda mfupi kuliko kunywa chai. Alipotoka aliniuliza kama nimewahi kuendesha baiskeli.

"Uma wa mbele umelala, juu umerudi nyuma, si ndiyo?" alisema. "Ndiyo maana ukiachia mikono inajinyoosha. Ekseli nayo inataka hivyo hivyo. Sasa hii yako wameipindua mbele."

Akanionyesha kabari mbili za chuma katikati ya springi na ekseli. Springi ikiwa chini, upande mnene wa kabari hukaa mbele. Ikihamia juu, lazima uwe nyuma. Amoni alizifunga kwa mazoea yake ya zamani.

Kisha mzee yule akasema neno lililonikata maini. "Lakini mune, rafiki yangu, mbona nilishamwambia mwenzako, yule fundi wa stendi? Alikuja hapa kuniuliza, kabla hamjaanguka. Nikamchorea hata kwenye udongo."

Kabla hatujaanguka! Alijua, akaniacha niendeshe!

Tulizigeuza kabari siku ile ile. Nikaenda lami, nikaachia usukani baada ya kona... ukarudi wenyewe, taratibu, kama mtu anayeitika jina lake. Nililia peke yangu humo ndani. Nikageuza moja kwa moja hadi Igamba.

Nilimkuta baba Neli uani, mkono umefungwa kitambaa shingoni, wazee wamemzunguka. Na Amoni yupo, anakunywa chai! Nikawaeleza yote, nikawaomba waje walione gari. Mzee mmoja akaniangalia kwa huruma.

"Tumeliona likija, limenyooka," alisema. "Bwana asifiwe! Tumekuombea wiki tatu, mwanangu. Huyu ndugu yako ndiye aliyetuongoza katika maombi, akilia machozi, ili uiache pombe."

Nilimgeukia Amoni. Nikamwambia aseme mbele ya Mungu wake kama amewahi kuniona nikinywa. Aliweka kikombe chini, akainamisha kichwa.

"Tumshukuru Mungu kwa alipomfikisha," alisema.

Neli alinisindikiza hadi kwenye gari. Aliniuliza kitu kimoja: kama rafiki yangu alijua, kwa nini asiseme? Jibu nililipata kesho yake gerejini, Amoni akiwa anafuta mikono bila kuniangalia: "Ningesema nimekosea, nani angeniletea gari tena? Wewe ni mpita njia, kaka. Mimi hapa ndipo kwangu."

Sikumpiga. Nilitema mate mlangoni pake, kwa kinyaa, si kwa hasira.

Ndugu zangu wasomaji, gari likikutia shaka usimpakie mtu, hata akiwa mkwe. Aliyeinua gari asiwe yeye wa kulijaribu peke yake. Na jina lako usimkabidhi mtu ambaye kukosea kwake kunafichika ukichafuka wewe. Nawasihi, msipite nilikopita mimi!

Nilimrudishia Mzee Kulwa funguo Msangano. Akanisihi nibaki, maana gari lilikuwa limepona. Nikamwambia limepona, ndiyo, aliendeshe mtu mwingine; kwa baba Neli mimi bado ni mlevi aliyeombewa, na posa imekufa. Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la Mbeya, nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Tulipopita njia panda ya Igamba kondakta aliuliza kama kuna anayeshuka. Nikalikumbatia begi langu. Mlango ukafungwa.