Nilisema Mfumo Uko Sawa

"Vua kitambulisho, kiweke mezani."

Mama Daktari, mwenye kliniki, alisema hivyo bila kupaza sauti. Dada wa mapokezi hakukivua. Alinigeukia mimi.

"Injinia, sema."

Injinia ni jina walilonibandika pale kliniki ya macho. Mimi ndiye niliyefunga mfumo wa kutuma barua pepe za miadi. Dada akishaingiza jina la mgonjwa na anwani yake, barua inajituma yenyewe: njoo tarehe fulani, saa fulani.

Na sasa wagonjwa kumi na moja hawakuja, wote wanasema hawakupata barua.

Mmoja wao alikuwa ameketi pale pale ofisini. Mzee, fundi saa, jicho la kulia limefunikwa bandeji. Naye akageuza uso upande wangu.

Nikasema, "Mfumo uko sawa. Kama barua haikufika, basi anwani iliingizwa vibaya."

Ndugu zangu mnaosoma hapa... nilijua nasema uongo.

Dada hakubishana. Alivua kitambulisho, akakiweka mezani, akamshika yule mzee mkono.

"Pole, baba."

Akatoka.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, mjue nilivyofika pale.

Wiki sita kabla, kliniki ilileta miwani mipya na wateja walikuwa wachache. Nikataka sifa. Kuna jamaa yangu alikuwa na orodha ya anwani elfu tisa za barua pepe, za watu wasiotujua wala sisi hatuwajui. Nikawatumia tangazo wote kwa mkupuo. Na nikalituma kwa anwani ile ile inayotuma miadi ya wagonjwa.

Wewe mwenyewe ukiletewa tangazo ambalo hukuliomba unafanyaje? Unabonyeza "hii ni taka", unaendelea na maisha.

Walibonyeza wengi.

Sasa hizi kampuni zinazopokea barua pepe hazina muda wa kuchambua. Zikiona anwani inalalamikiwa sana, kila kinachotoka kwake zinakitupa spam, yaani folda ya barua taka, kiwe tangazo la miwani, kiwe tarehe ya upasuaji. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Siku ya pili kampuni inayotusafirishia barua iliniletea onyo kwamba malalamiko yamezidi. Nikalisoma. Nikalifunga. Nikajisemea litapoa lenyewe. Kwenye mfumo wangu kila barua ilikuwa imeandikwa "imetumwa", na mimi neno hilo lilinitosha.

Yule fundi saa aliambiwa presha ya jicho imepanda, asubiri barua ya tarehe ya upasuaji mdogo. Akasubiri. Kila asubuhi aliangalia simu kabla ya kufungua kibanda chake. Barua ilikuwemo humo humo kwenye simu, ndani ya folda ambayo hakujua hata kama ipo.

Alipochoka kusubiri akaja mwenyewe kuuliza. Tarehe yake ilikuwa imepita wiki tatu. Mama Daktari alijaribu, lakini lile jicho halikuokoleka.

Na lilikuwa ndilo jicho lake la kazi. Ndilo alilokuwa akibania kioo cha kukuzia.

Baada ya kile kikao nilirudi mezani kwangu. Nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya wiki sita nyuma. Nikajitumia barua moja ya majaribio. Barua zangu zote za kazini zilikuwa zinaingia kwenye anwani yangu binafsi, kwa hiyo nikaifungua kwenye simu.

Haikuwepo.

Nikafungua spam.

Ile pale. Na chini yake kulikuwa na barua tatu... zote zimetoka kwa dada wa mapokezi, kwa anwani ile ile ya kliniki.

Mtauliza, mnafanya kazi jengo moja, kwa nini aandike? Kwa sababu nilimkataza kuniita. Siku moja alinijia mbele ya wagonjwa, nikamjibu, "Dada, mimi si wa kuitwa-itwa. Ukiwa na shida andika barua pepe." Watu wakacheka. Nami nikajiona mtu.

Barua ya kwanza: "Kaka, kuna mama kanionyesha simu yake. Barua yetu kaikuta kwenye spam. Naomba uangalie."

Ya pili: "Kaka, sasa wamefika wanne. Nimeanza kuwapigia simu mmoja mmoja, ila wengine hawapatikani. Yule mzee fundi saa naye hapatikani. Tafadhali."

Nikaangalia tarehe. Siku nne kabla ya upasuaji wa yule mzee.

Ya tatu aliiandika asubuhi ile ile ya kikao: "Leo naitwa kwa Mama Daktari. Sijamwambia kitu kuhusu lile tangazo. Ulilituma wewe, ni vizuri useme wewe. Una mtoto mchanga, kaka. Akisikia kutoka kinywani mwako hatakuwa mkali sana. Nitakupa nafasi."

Nikaisoma mara mbili.

Kumbe "Injinia, sema" hakuwa ananiomba nimtetee. Alikuwa ananiokoa mimi.

Sijui niliinukaje. Nilijikuta mbele ya Mama Daktari nimemnyooshea simu. Alisoma zote tatu, pole pole.

"Na ulikaa pale unamtazama anavua kitambulisho?"

"Ndiyo, mama."

"Toka. Kesho uje na maelezo yaliyoandikwa na sahihi yako. Ningekufukuza sasa hivi, ila barua za watu umezizamisha wewe, utazizamua wewe. Ukimaliza, tutaongea habari za kazi yako."

Nilianza siku ile ile. Ile orodha ya elfu tisa niliifuta. Matangazo nikayapa anwani yake peke yake, yaende kwa walioyaomba tu, na kila moja liwe na mahali pa kubonyeza ukitaka kujitoa. Nikaweka ule uthibitisho wa mtumaji ambao nilikuwa nauahirisha kila mwezi, unaoonyesha kwamba barua ni yetu kweli. Wagonjwa waliobaki tukawapigia simu. Ilichukua wiki kadhaa barua zetu kuanza kuaminiwa tena.

Barua zinaaminiwa tena. Mtu ni habari nyingine.

Nilimfuata dada nyumbani kwake. Alinifungulia mlango mikono ina povu la sabuni, hakunikaribisha kiti.

"Nimemwambia Mama Daktari kila kitu. Anataka urudi."

"Amenipigia. Nitarudi."

"Dada, kwa nini hukusema pale pale? Ushahidi ulikuwa nao."

Alijifuta mikono kwenye kanga, akaniangalia.

"Ningesema, ungekana. Tungegombana mimi na wewe mbele ya mtu aliyepoteza jicho. Nilimwonea aibu yule mzee. Wewe, baada ya ule uongo, sikukuonea chochote."

Akarudi kwenye nguo zake.

Ikabaki safari moja. Hiyo niliizungukazunguka siku tatu.

Kibanda cha fundi saa ni meza moja na droo nyingi ndogo. Nilimkuta anajaribu kuingiza skurubu kwenye saa ya mkononi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Tangazo, onyo, uongo wangu ofisini.

Hakuinua kichwa.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, baba."

"Nimekusikia."

Akaendelea. Bisibisi ilikuwa inatua kando ya skurubu, kushoto kidogo, kulia kidogo. Mara ya nne nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Acha," akasema. "Lazima nijifunze upya."

Nikasimama pale hadi akaipata. Hakuniambia niondoke, wala hakuniambia nikae.

Bado nafanya kazi pale kliniki, kwa barua ya onyo. Dada wa mapokezi tunasalimiana. Akiwa na shida mimi ndiye ninayenyanyuka kumfuata.

Ninyi mnaotuma barua kwa mashine, chukueni hili kwangu: "imetumwa" si "imefika". Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla mwingine hajavuliwa kitambulisho kwa ajili yako.

Maoni yenu nitayasoma yote. Hata ya kunitukana.