Tulisema Amelala

Gari lilikuwa limeinama nyuma, upande wa kushoto. Si sana, kiasi cha mtu mmoja mwembamba aliyekaa kimya. Stanislas aliliona hilo kabla hajaangalia kitu kingine chochote, kisha akajifanya hakuliona, kwa maana alikuwa amechoka.

Na alikuwa na haki ya kuchoka. Tangu binti yake Tracy alipoangushwa na pikipiki ya kukodi kwenye matope na kurudi nyumbani Katuba goti likiwa limefunguka, Stanislas aliapa kwamba mtoto huyo hatapanda tena pikipiki kwenda kazini. Tracy alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya mtaa wa Golf, na leseni yake ya udereva ilikuwa mpya kabisa. Alihitaji gari lililotumika lakini la kuaminika, ambalo halitamzimikia njiani alfajiri. Kusema ni rahisi. Stanislas alishazunguka viwanja vyote vya magari vya Lubumbashi, Jumamosi baada ya Jumamosi, akaonyeshwa gari lililopakwa rangi juu ya makunyanzi ya ajali, gari lenye redio ya kupendeza na injini ya kuhurumiwa, na gari ambalo muuzaji aliapa kuwa lilikuwa la mtawa, kana kwamba watawa hawagongi miti.

Yeye mwenyewe hakujua kuendesha. Maisha yake yote alikuwa mkaguzi wa mabehewa ya reli, mtu wa kupita na nyundo ndogo, kugonga magurudumu na kusikiliza. Basi magari nayo aliyagonga na kuyasikiliza, wauzaji wakimcheka pembeni. Hili gari jeupe la Kakule lilijibu vizuri kila alipoligonga. Kasonde, fundi aliyekuja naye, alitambaa chini yake, akatoka na vumbi kwenye nywele.

"Papa Stani, moteur iko safi. Boîte ya gia iko safi," alisema. "Kintu kimoja tu, ressort ya nyuma, ile springi. Minaona iko mupya. Lakini inashuka."

"Juu ya nini?" Stanislas aliuliza sababu.

"Sijue, papa. Sawa vile muntu iko ndani."

Kakule, mwenye gari, alikuwa mfanyabiashara wa jumla na usafirishaji, mtu wa Butembo, mpole, wa kwenda kanisani. Aliangalia viatu vyake. "Ilibebaka mizigo mingi," alisema. "Lakini haijanisimamisha hata siku moja, papa. Hata ku njia ya Kambove, hata ku mvua. Ile nakuapia."

Stanislas alilichukua gari siku hiyohiyo. Akiba yake yote ya reli ilikwenda humo, naye hakusikitika, maana alidhani uchungu wa kuzunguka umekwisha.

Jioni wakalimwagia bia, kama watu wa mji wanavyofanya gari jipya linapoingia uani. Mke wake, Wivine, alitaka kwanza wamngoje padri wao, Abbé Mardochée, na maji yake ya baraka, lakini Stanislas hakuwa na subira tena. Akafungua milango yote, akamimina bia kwenye kila tairi, majirani wakiangalia, akasema kwa sauti ya mtu mwenye furaha na chupa moja kichwani:

"Karibu. Tangu leo weye uko mutoto ya hii nyumba. Utakula na siye, utalala na siye, hakuna muntu atakufukuza."

Watu wakapiga makofi. Tracy akafunga milango mmoja mmoja. Alipofunga wa mwisho, mkanda wa kiti cha nyuma ulijifunga wenyewe, mlio mdogo tu, kama mtu anayevunja kijiti. Wivine peke yake ndiye aliyegeuza kichwa.

Wiki ile ya kwanza gari lilikwenda vizuri ajabu. Liliwaka kwa mara moja, halikunywa mafuta ovyo. Lakini lilianza kunuka. Asubuhi lilikuwa na harufu ya poda ya mtoto mchanga na kafuri, na chini ya hizo harufu ya udongo mbichi, wa chini sana, ambao haujawahi kuona jua. Tracy aliosha mazulia, akaweka limau chini ya viti. Harufu iliondoka mchana ikarudi jioni. Abbé Mardochée alikuja, akalinyunyizia maji nje na ndani, akaomba vizuri kabisa. Kesho yake kiti chote kilikuwa kimekauka isipokuwa ile sehemu ya nyuma kushoto, iliyobaki na unyevu wenye umbo la mapaja mawili.

Kisha Tracy akaanza kupiga miayo. Alipiga miayo akiingia garini, akapiga miayo akishuka. Akasinzia mezani na kijiko mkononi. Siku moja askari wa barabarani alimgongea kioo kwenye mzunguko wa barabara, magari yote nyuma yake yakipiga honi, yeye amelaza kichwa kwenye usukani na mguu kwenye breki, kwa bahati ya Mungu.

"Banakupatia kazi mingi kule," Stanislas alimwambia.

"Haina kazi, papa. Nikiwa ku kazi niko muzima. Ni mu motoka tu. Usingizi inanikamata ku shingo, polepole, sawa muntu ananifunika na blanketi."

Stanislas akaamua kupanda naye. Jioni hiyo walikuwa wakitoka kumwona shangazi, jua limekwisha zama na umeme umekatika, mitaa yote ya upande wa Naviundu ikiwa giza tupu. Tracy aliendesha vizuri, akiongea habari za zahanati. Walipokaribia daraja la mto Naviundu akanyamaza katikati ya neno. Stanislas akamwangalia. Macho yake yalikuwa wazi, mikono imeshika usukani, lakini alikuwa amelala. Pumzi yake ilikuwa ile nzito aliyoijua tangu mtoto huyo yuko kwenye kitanda cha mbao, na gari lilikuwa likienda bila kuyumba, likienda kama linalojua njia, na harufu ya kafuri ikawa nzito hata machozi yakamtoka, na nyuma ya kiti chake, karibu sana na sikio, karibu kiasi kwamba alihisi ubaridi kwenye nywele za shingo, mtu alijisogeza, mkanda ukakwaruza kitambaa, na sauti ya kijana aliyeamshwa kidogo, sauti isiyo na ubaya wowote, ikauliza:

"Tulishafika?"

Na Tracy, macho wazi, akajibu kwa upole, "Bado. Lala."

Stanislas alivuta usukani, hajui hata alivuta upande gani. Gari lilipanda ukingo, likakwaruza ukuta, likazima. Tracy akazinduka akilia, akamwuliza amemgonga nani. Nyuma hapakuwa na mtu. Mkanda ulikuwa umefungwa, umekaza, umezunguka hewa.

Usiku ule Tracy alilala kitandani mwake, na asubuhi hakuamka. Walimwita, wakamwagia maji, wakampiga makofi kwenye nyayo, na jua lilikuwa limepanda alipofungua jicho moja na kuomba aachwe. Siku iliyofuata ilikuwa vigumu zaidi. Wivine alikaa ukingoni mwa kitanda na kumshika Tracy kidole gumba cha mguu, kana kwamba angeweza kumzuia kwa hicho.

"Ulimuuliza Kakule moteur," alimwambia mumewe. "Ulimuuliza boîte, pneus, byote. Ulimuuliza ilibebaka nani?"

Stanislas hakuwa amemuuliza. Akatoka, akapanda basi hadi duka la Kakule, akamkuta kati ya magunia ya unga. Hakuwa na nguvu za kugombana. Akasimama tu mbele yake mpaka mwenzake akaketi chini.

"Papa, mi nilitaka kusaidia," Kakule alisema kwa sauti ya chini. "Kulikuwa kijana moja, Elisée, alikuwa anachimba ku Kambove. Shimo ilimwangukia. Mama yake iko hapa ku Naviundu, alitaka mwili tu. Kusafirisha maiti, unajua vile inasumbua, makaratasi, barrière za askari, kila muntu anataka kitu. Bandugu yake bakasema: tumukalishe. Tukamuvalisha bonnet ku kichwa na miwani, tukamuweka nyuma, upande wa kushoto, tukamufunga ceinture, ule mukanda."

"Na ku barrière?"

"Ku kila barrière banauliza, huyu iko na nini? Tunajibu, iko mugonjwa, analala. Njia yote, papa. Analala, analala. Mi mwenyewe nilisema."

Stanislas alifunga macho. Kwao kaskazini mwa Katanga, alikokulia baba yake, maiti haivushwi mto bila kuambiwa. Unamwita kwa jina, unamwambia: sasa tunavuka, wewe umekufa, tunakupeleka kwenu. Ukifika unamwambia: shuka. Hawa walivuka kila mto wakinong'ona kinyume chake, askari wakisikiliza. Na alipofika, kwa maneno ya Kakule, walimtoa haraka gizani, wakamfungia sandukuni, wakakimbia. Hakuna aliyemwambia kitu. Halafu Stanislas mwenyewe akaja na bia yake, akamwambia hakuna atakayemfukuza.

"Ndiyo maana baraka haikumutosha," Wivine alisema aliposikia. "Padri anafukuza ile inakataa kutoka. Huyu hakukataa. Anangoja bamuambie."

Stanislas alijaribu kwanza yeye. Aliketi garini saa nzima, akamwita Elisée kwa jina, akamwambia amekufa. Mkanda haukulegea. Mwisho sauti ile ikajibu, ya mtoto anayetaniwa na mkubwa asiyemjua vizuri: "Mama iko wapi?" Stanislas akatoka, akaenda kumwambia Wivine kwamba lazima wampeleke kwa mama yake.

Jumapili walimwamsha Tracy kwa shida, na kwa sababu hapakuwa na dereva mwingine aliyekubali kuligusa gari lile, aliendesha yeye, baba yake akimfinya mkono njia yote na kumwimbisha nyimbo za komunyo ya kwanza. Mara mbili sauti yake ilizama. Mara mbili Stanislas akamfinya mpaka ngozi ikachubuka.

Mama Olive, mama wa kijana, aliuza makaa mbele ya nyumba yake Naviundu. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye mikono myeusi ya kazi. Stanislas alimweleza yote palepale, amesimama, kofia mkononi, akiona aibu kwa kila neno. Mwanamke hakulia. Aliifuta mikono yake kwenye kitambaa alichojifunga kiunoni, akaenda garini, akafungua mlango wa nyuma upande wa kulia, akaingia. Akanyoosha mkono hadi ule upande mwingine, taratibu, na mkono ukasimama hewani, ukapapasa kitu, ukakifuata kutoka begani hadi shavuni.

"Iko na homa," alisema.

"Mama, haina homa. Mumwambie." Stanislas aliinama mlangoni. "Weye ndo mama yake, atakusikia. Mumwambie alikufaka. Mutoto yangu anaisha, mama. Muangalie."

Mama Olive alimwangalia Tracy, aliyeegemea usukani, midomo wazi. Alimwangalia kwa muda mrefu, kwa huruma ya kweli, na Stanislas akaona kwamba amemwelewa kabisa.

"Papa, mi sikumuona akikufa," alisema. "Bananileteaka sanduku, imefungwa, banasema usifungue. Mi nilizika sanduku. Sasa unataka nimwambie hivyo na mdomo yangu?"

"Nakuomba."

"Hapana." Akajisogeza karibu na kile kiti, kisha akasema kwa sauti nyingine, ile ya ndani ya nyumba: "Elisée. Acha uyu dada aende kwabo. Umeshafika. Mama iko hapa. Lala, baba, lala."

Tracy aliinua kichwa kwa ghafla kama aliyemwagiwa ndoo. Akavuta pumzi ndefu, akaangalia mikono yake, akaangalia mtaa, akamwona baba yake. Macho yake yalikuwa safi. Stanislas alimtoa nje kwa nguvu, akamkumbatia palepale kwenye vumbi la makaa.

"Gari iko yenu, mama," alisema. "Tunaiacha."

"Bamama bajirani ya parcelle batanisaidia kuisukuma mu cour ya nyumba," Mama Olive alisema. "Papa, funga mulango polepole."

Stanislas akafunga mlango polepole. Hakuuliza atafanya nini humo, wala atatoka lini. Aliogopa kwamba akiuliza atajibiwa.

Wakaanza kwenda kwa miguu. Tracy alikuwa na njaa, alitaka mkate, alitaka kupiga simu kwa mama yake, aliongea bila kukoma, na Stanislas alisikiliza sauti yake kwa masikio yote kama alivyosikiliza magurudumu zamani. Walipofika kwenye kona akageuka mara moja tu.

Kupitia kioo cha nyuma alimwona Mama Olive. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, amekiegemeza mahali pasipo na kitu, kwa urefu wa bega la kijana, na kichwa hakikuanguka. Miayo ilimfungua mdomo, ikaufunga. Macho yake yalikuwa yakizama.

Bado kulikuwa na muda. Angeweza kurudi, afungue mlango, amvute kama alivyomvuta binti yake. Mwanamke angepigana naye, lakini alikuwa mwepesi, na Stanislas alijua hivyo.

"Papa, kuko nini?" Tracy aliuliza. "Mama Olive iko bien?"

Stanislas alikuwa amechoka sana. Akamshika mtoto wake mkono, akamgeuza aangalie barabara.

"Iko bien," alisema. "Analala tu."