Stoo ya Sugow

Rafiki yangu Nunow alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika fasihi ya Kirusi huko Moscow. Mwaka wa 1966 alirudi Garissa kumfariji mama yake, akabeba vitabu vyote, maana mtihani wa kumruhusu kuandika tasnifu ulikuwa umekaribia. Kaka yake Barre, mchunga ngamia, alikuwa amepigwa risasi na askari baada ya Sugow, mwenye duka, kuwanong'onezea kwamba ni shifta, mmoja wa waasi wa mpakani. Mji mzima ulijua kuwa ni uongo.

Alasiri moja mafuta ya taa yalimwishia Nunow, na duka lililokuwa wazi lilikuwa la Sugow tu. Akaenda hivyo hivyo.

"Adeer, mzee wangu, nijazie chupa hii."

"Bado unasoma tu?" Sugow akacheka. "Kaka yako naye angesoma, leo angekuwa hai."

Nunow akamsogezea chupa. Sugow akaingia stoo, chumba kisicho na dirisha, giza tupu. Mafuta yakasikika yakichuruzika chupani, kisha yakakatika.

Humo gizani mtu akakohoa, akasema taratibu kwa Kirusi, "Funga mlango, ndugu yangu. Niachie huyu."

Ilikuwa sauti ya Barre, ambaye hakuwahi kujua hata neno moja la Kirusi.

Nunow hakusita. Alivuta mlango wa stoo, akatia komeo. Aliniambia alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu msiba ule. Akabandika sikio kwenye mbao.

Ndani, Sugow alikuwa akilia na kuomba msamaha, naye kwa Kirusi, bila kukosea hata silabi.