Kisanduku cha Tatu

Siku viwango vipya vya posho ya nyumba vilipotangazwa, foleni ya maofisa ilianzia dirisha namba nne ikapinda mpaka getini. Nyuma ya dirisha alikaa karani mwenye blauzi ya kijani na ulimi mkali. Kwa jinsi alivyogonga karatasi, kambi nzima ilimwita Bi Mihuri.

"Kapteni, umetia alama kwenye 'ana familia'. Cheti cha ndoa kiko wapi?"

Kapteni, mrefu, buti zinang'aa, alijikuna shingo. "Nimekosea. Familia bado inatafutwa."

"Basi utapata kiwango cha mseja. Posho inapimwa kwa cheo, kodi za nyumba za mji ulikopangiwa, na kama una familia au huna. Watoto wawe mmoja au tisa, kiwango ni kilekile."

"Hata tisa?"

"Hata tisa. Kwa hiyo usijichoshe."

Foleni ikacheka. Kesho yake Kapteni akarudi na kosa jingine, na keshokutwa na jingine tena. Mtu anayesoma ramani za vita, eti hajui kuandika tarehe. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kufikia mwisho wa mwezi hata mlinzi wa getini alijua.

Miezi saba baadaye Kapteni alimvisha pete, sebuleni kwa mama yake Bi Mihuri. Mama alikuwa mgonjwa wa figo; kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikwenda hospitali ya mjini kusafishwa damu, na mtoto wake alikuwa Bi Mihuri peke yake.

"Wakinihamisha je?" Kapteni alimuuliza mlangoni.

"Nitakufuata, mpenzi, hata pangoni."

"Pangoni kweli?"

"Mradi liwe na dirisha. Nimezoea dirisha."

Wiki tatu kabla ya harusi uhamisho ukaja: kikosi cha mpakani, mwendo wa siku mbili. Karani haruhusiwi kushughulikia fomu ya mtu wake, kwa hiyo ya Kapteni, iliyosubiri tu cheti cha ndoa, ilipita kwa shoga yake Bi Mihuri wa dirisha la tano. Shoga akaileta mkononi.

"Sijui kama umeiona hii."

Kwenye kisanduku cha tatu, alama ilikuwa imewekwa kwa wino mzito: familia itabaki. Bi Mihuri aliijua kanuni hiyo kuliko jina lake. Familia ikienda na ofisa, posho hufuata kodi za kule aendako. Ikibaki, hufuata kodi za mji inakoishi, na hakuna mji wenye kodi kubwa kama huu.

"Wapo wanaooa kwa ajili ya kisanduku hicho," shoga alisema kwa upole. "Mke mjini, posho ya mjini, yeye kule na mambo yake."

Bi Mihuri alimpigia Kapteni simu hapohapo.

"Umejaza kwamba nitabaki?"

"Nani kakuonyesha?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Laazizi, nipe mpaka Jumapili. Nitakueleza yote."

"Mimi si kiwango cha posho, Kapteni."

Akakata. Kapteni alipiga mara kumi na moja, hakupokea hata moja. Pete aliitia kwenye bahasha ya kaki, akaigonga muhuri wa IMEREJESHWA, akaipeleka masijala kama barua nyingine yoyote. Kisha akajifungia chooni akalia mpaka zamu ikaisha. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali wakati moyo unaungua?

Mwaka mmoja na nusu ukapita. Jumatatu moja hospitalini, Mama akiwa kitini na mipira ya damu mkononi, alimshika Bi Mihuri kidole.

"Mwanangu, nikifa na hili litanisumbua. Yule kijana alikuja hapa baada ya kupata uhamisho. Nilimwomba asikuchukue. Nilimwambia nitafia kwenye kiti hiki peke yangu. Akasema, 'Mama, nitakwenda peke yangu, nitakuwa nakuja likizo.' Nikamwapisha asikwambie. Niliona aibu."

"Mbona hukusema niliporudisha pete?"

"Alinipigia, akaniomba nimfungue kile kiapo. Nikakataa." Mama alifumba macho. "Nilifurahi, mwanangu. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba umebaki."

Bi Mihuri alimfunika shuka miguuni, akatoka kwenye korido, akapiga namba ambayo hakuwahi kuifuta.

"Kapteni."

"Ni Meja sasa." Sauti ilikuwa ileile. "Mama hajambo?"

"Ameniambia. Nisamehe. Nilisoma fomu, sikukusoma wewe. Nikija huko utanipokea?"

Alimsikia akivuta pumzi.

"Ungekuja mwaka jana ningekupokea kwa miguu mitupu," alisema. "Nilioa mwezi wa nne, Bi Mihuri. Fomu yangu iko njiani. Sikutaka uionee dirishani."

"Ni mwema?"

"Ni mwema."

"Basi mtunze," alisema, akakata kabla sauti haijamsaliti.

Fomu ilifika Jumatano. Sasa hapakuwa na kanuni ya kumzuia kuishughulikia. Cheti cha ndoa kilikuwepo. Kisanduku cha tatu kilisema: familia itaambatana naye. Aliipitia mstari kwa mstari, mara tatu, akitafuta tarehe iliyokosewa, saini iliyosahauliwa, chochote cha kumfanya arudi dirishani. Safari hii Meja alikuwa amejaza kila kitu sawasawa.

Akaigonga muhuri wa IMEKUBALIWA, akachukua mkoba wake, akaenda kumchukua Mama hospitalini.